Kupona kabla ya hukumu

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ukaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia ziwani. Parseli ya baba yangu, yaani kiwanja chake, ilibaki chini ya jiwe jeusi lenye kimo cha mtu, pamoja na mawe manne yaliyoonyesha mipaka yake. Alipoanza kujenga upya juu ya jiwe hilo, jirani naye alijenga, na mwaka 2009 wakajikuta wanadai mita sita zile zile, kila mmoja akiwa na hati mkononi. Wakafika mahakamani. Mimi nilikuwa na miaka 23, na ndimi niliyembebea baba faili.

Nani alikuwa na haki sitaeleza hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba kesi ndefu ni ugonjwa unaowaingia wote waliomo, aliye na haki na asiye na haki, na kwamba tunakosea sana tunaposubiri hukumu ndipo tuanze kujitibu.

Kila mwenye kesi katika mji huu analijua neno remizi, yaani kesi kuahirishwa. Siku iliyopangwa mnaamka saa kumi na moja alfajiri, mnavaa nguo za kanisani, mnapanda pikipiki, mnakaa kwenye benchi hadi saa saba mchana, kisha mnaambiwa kwamba upande wa pili haukupata mwito kwa njia inayotakiwa, au kwamba mpimaji hajaleta ripoti yake, au kwamba hakimu mmoja amehamishwa na mambo yataanza kusikilizwa upya mbele ya wengine. Mnapewa tarehe nyingine. Nilikuwa naziandika remizi zetu katika daftari, na nilipofika ya 41 niliacha kuandika. Mwili hauelewi maana ya kuahirishwa: siku tatu kabla ya kikao usingizi unakatika, tumbo linakaza, moyo unajiandaa kwa vita, halafu unarudishwa nyumbani na vita vyako ndani. Ukifanyiwa hivyo miaka saba, mwili haujui tena kushuka kutoka pale ulipopandishwa. Baba alipata shinikizo la damu katika mwaka wa tatu. Mezani hatukuzungumza tena habari za shule wala za ndugu walio kijijini, ila mita sita tu, hata jioni moja tukamsikia mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne, akimwambia mwenzake uani, “Nitakushitaki.”

Baba alifariki mwaka 2016, kabla ya rufani kuamuliwa. Mama husema alikufa akiwa bado mlalamikaji, na sijapata namna bora zaidi ya kulieleza jambo hilo.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na hakimu katika muda unaofaa. Naamini waliolitia neno hilo la muda walijua kwamba kuchelewa kwenyewe ni adhabu. Mwaka 2000 daktari wa akili wa Marekani, Thomas Gutheil, na wenzake waliandika kuhusu madhara yanayoletwa na mwenendo wa kesi wenyewe, hata pale ambapo hakimu ni mwadilifu: ucheleweshaji, siri za nyumba kuanikwa mbele ya wageni, jeraha kufunguliwa upya kila linaposimuliwa, na tabia ya kumwona kila mtu kuwa ni wa upande wetu au wa upande wao. Niliposoma maelezo hayo nililia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba sikuwa nimeharibika tabia.

Tulishinda rufani mwaka 2018. Hukumu ilisomwa kwa dakika chache, mama akapiga goti pale pale, nami nikangoja furaha ambayo haikuja. Usiku ule sikulala. Mwili wangu ulikuwa unasubiri remizi nyingine, na kweli ilikuja, kwani utekelezaji wa hukumu ulizaa mzozo mpya na faili mpya. Ndipo nilipokwenda Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili kilichopo hapa Goma. Mshauri hakuniuliza lolote juu ya mipaka. Aliniuliza, “Dada, kesi ikiisha leo, kesho asubuhi utaamka kufanya nini?” Sikuwa na jibu.

Tulianza na mambo madogo. Faili iliyolala chini ya kitanda changu miaka tisa nikaipeleka kwa wakili. Mazungumzo ya kesi tukayawekea Jumamosi alasiri peke yake. Siku nyingine aliyeanza alinyamazishwa kwa upole, hata akiwa mama. Nikajifunza pia kuandika, dakika 15 kwa siku nne mfululizo, yale niliyoyaona na niliyoyahisi. Njia hiyo mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake waliifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 1986. Sikuandika kwa ajili ya hakimu, na hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa nimesahau kusema jambo bila kulithibitisha. Usingizi ulirudi taratibu, ukichukua zaidi ya mwaka mzima. Haki yetu sikuiacha. Niliacha kuipa kila usiku wangu.

Ningependa mawakili wetu wamwambie mteja tangu siku ya kwanza kwamba njia itakuwa ndefu, wamuulize nani nyumbani atakayembeba, na wasimwahidi ushindi wa karibu ili asikate tamaa. Ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyomchosha baba yangu kuliko kushindwa kwenyewe.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, na mahakama za serikali zikasimama. Faili yetu imebaki ilipo. Kama ningekuwa yule wa mwaka 2015, nadhani ningerukwa na akili. Wiki ile mabomba yalikauka, tukashuka ziwani kuteka maji pamoja na mtaa mzima, na katika foleni nikajikuta nyuma ya mke wa jirani yetu, ambaye tulikuwa hatujasalimiana tangu 2009. Alikuwa amezeeka. Aliniangalia kwa muda, akasema, “Mwanangu, hata mzee wangu halali.” Nilimwambia, “Pole, mama,” nikamsaidia kujitwika bidoni lake, na tukapanda kilima polepole bila kuzitaja mita sita.