Sauti Zilifika Kabla ya Askari

Jumapili tarehe 26 Januari 2025, mama jirani yangu hapa Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani na Rwanda, alinijia na simu mkononi. "Yaya, sikiliza." Ilikuwa sauti ya WhatsApp: mwanaume asiyejitaja anasema adui yuko Munigi, nje kidogo ya mji, watu wakimbilie Gisenyi, upande wa Rwanda. Mara ikaingia nyingine: adui amerudishwa, mtu asitoke. Mama ana watoto wanne, na mpaka uko pale pale. Akaniuliza aamini ipi. Sikuwa na jibu.

Usiku huo waasi wa M23 walitangaza kwamba Goma ni yao. Rais wetu wa Kongo, Tshisekedi, alihutubia taifa tarehe 29, usiku. Kati ya hapo tulikaa bila maji wala umeme, mizinga ikilia, na sauti iliyosikika zaidi juu ya mji wetu ikawa ya aliyeuteka. Kwangu mimi, hapo ndipo tulipopigwa vibaya kuliko pote. Na haikuwa mara ya kwanza: walishauteka mji huu Novemba 2012. Miaka yote hiyo tulijifunza nini?

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanaijua kazi hii ya maneno. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wako Kivu Kaskazini, mkoa wetu, pamoja na M23. Februari 2025 Rais Kagame wa Rwanda aliulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo, akajibu kwamba hajui. Jibu la namna hiyo humchosha msikilizaji mpaka anaacha kuuliza.

Wako ndugu wanaosema nasi tujibu kwa uongo mkubwa zaidi. Nakataa kabisa. Sisi tunaoishi mlangoni pa Rwanda tunajua RTLM, redio ya Rwanda iliyoanza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994, iliwafanya nini majirani. Hapa uongo wa kizalendo huishia kwa mtu wa Masisi au Rutshuru anayesema Kinyarwanda, ambaye hana hata panga.

Ninachodai ni kidogo: siku za hatari, mkubwa mwenye jina aseme redioni, kwa Kiswahili, njia gani iko wazi na Petite Barrière, kivuko chetu cha kwenda Gisenyi, inafungwa saa ngapi. Hata akisema "bado hatujui", tutapanga safari yetu. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, inatusemesha Kiswahili tangu 2002, kwa hiyo njia ya kutufikia ipo.

Yule mama hakuvuka. Alilala sakafuni na watoto, simu imezimika, akingoja mkubwa yeyote aseme neno.