Mgonjwa si mandhari ya picha zenu

Juzi kwenye grupu la tuliosoma pamoja mtu karusha picha. Watu wanane wenye fulana za kufanana, meno yote nje, na katikati yao mama amekaa kitandani, kanga imemteleza begani, kichanga kifuani, macho ameyakwepesha. Mkononi kashikishwa katoni ya sabuni. Maelezo: "Hongera mdogo wetu wa fildi, kazi nzuri!" Nikamfuata pembeni kumwomba aifute. Kanijibu kwamba imeshapendwa na watu kibao.

Haya.

Nami fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, nilifanya kitengo cha uhusiano cha hospitali, kwa hiyo picha ile najua inavyopikwa. Asubuhi bosi anakwambia chukua kamera, shuka wodi ya wazazi, kuna wageni wanaleta msaada. Sista anaulizwa mgonjwa gani "anafaa", na anayefaa ni yule asiyeweza kuinuka akaondoka. Bango linafungwa kwenye stendi ya dripu. Ndiyo, stendi ya dripu. Mgeni rasmi anakabidhi, unapiga, nembo haikuonekana vizuri, "naomba turudie", basi mama ananyang'anywa sabuni ili akabidhiwe upya. Jina lake hakuna aliyeuliza. Siku niliyouliza kama amekubali nilijibiwa: "Atakataaje na anasaidiwa?"

Hapo ndipo ninapochemka. Mtu kajifungua usiku, ana nyuzi, hajui ataruhusiwa lini, anasimamiwa na mganga mfawidhi pamoja na msafara mzima: "Mama, tukupige picha?" Atasema hapana kwa ubavu gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, zile ambazo kimsingi zinadai ridhaa ya maandishi. Maandishi! Mimi fomu pekee niliyojaza fildi nzima ni ya kuazima kamera.

Na msiniambie "hatukuandika anaumwa nini". Kibao cha wodi kinasomeka nyuma yake. Mwajiri ana simu, mama mkwe ana simu, mume ambaye alikuwa bado hajaambiwa naye ana simu.

Sawa, wafadhili wanataka ushahidi, wasipouona hawarudi, na mashuka waliyoleta wakati wangu yalilaliwa kweli. Nakubali, shingo upande. Basi pigeni picha mashuka. Mpigeni mganga mfawidhi akipokea maboksi pale nje, naye ana sura.

(Posho sisemi. Nauli ya daladala na wali wa mama lishe pale getini tunajilipia, tumeshazoea. Na zile kadi za kuwatakia viongozi heri ya kuzaliwa, zilizonilia nusu ya muda wangu, nitazitolea povu siku nyingine.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi ya uhusiano pale hospitali imejaa tele. Nenda saa nne asubuhi dirisha la malipo. Babu hana hela, kaambiwa "nenda ustawi", yaani ofisi ya ustawi wa jamii, hajui ustawi ni mtu au ni jengo, na kibao cha mlangoni kimeandikwa Kiingereza. Siku dada wa mapokezi alipoumwa wakaniweka mimi. Akaja mzee, kofia kaishika mkononi, anauliza kwa nini kitanda cha mkewe kiko kitupu. Alishaamini ndiyo basi tena. Kumbe mkewe kahamishiwa wodi ya pili yake tangu usiku, ila hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu. Nilipomfikisha, akakaa sakafuni palepale, miguu imemwishia nguvu, mkewe anamwambia inuka, unanitia aibu.

Niliyaandika hayo kwenye logibuku, daftari la kazi za kila siku za fildi. Msimamizi kutoka chuoni alipokuja akaweka alama ya kuuliza pembeni: "Hii inahusianaje na kozi yako?" Picha za makabidhiano zote alizipa vema.

Mnaoanza fildi mwezi wa saba, mkishushwa wodini ulizeni fomu ya ridhaa iko wapi. Mkiambiwa haipo, chapeni wenyewe: ukurasa mmoja, Kiswahili, na mgonjwa aisome, au asomewe, kabla msafara haujaingia, akiwa na sista tu. Akikataa, mgeni rasmi apigwe picha na katoni yake. Bosi akinuna, mwacheni anune.