Mafahali Wawili, Zizi Moja

Tarehe 17 Aprili 1977, mpiga piano wa jazz Mary Lou Williams alimwalika mpiga piano mwenzake, Cecil Taylor, wapige pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Piano mbili, jukwaa moja. Bibi ana miaka 66, keshapita katika kila zama ya jazz tangu yu binti. Bwana ana 48, na kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa akiwaudhi watu kwa kupiga piano kama mtu anayetafuta kilichofichwa chini yake. Nia ya bibi ilikuwa njema: aonyeshe kwamba nyimbo za kiroho, blues na vurumai mpya ya Taylor ni matawi ya mti mmoja. Taylor akaja, akakaa, akapiga ya kwake. Bibi akivuta huku, bwana yuko kule. Rekodi ya usiku ule ikapewa jina *Embraced*, yaani kukumbatiana, na mimi nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta hilo kumbatio nisilione.

Wahenga wangesema si tuliwaambia, mafahali wawili hawakai zizi moja. Nawaheshimu wahenga, ila hapa nabishana nao. Nionavyo mimi, kilichowashinda wale wawili ni kwamba zizi lilikuwa limeshapangwa. Bibi alikuwa na darasa lake la historia kichwani, na kwenye darasa hilo Taylor alitakiwa akae kwenye dawati la mwisho. Fahali gani anakaa dawatini?

Nalisema hili kwa sababu kila nikiona tangazo la mfululizo wa maonyesho ya kuwakutanisha wakongwe wawili wawili wa muziki wa kubuni papo hapo, moyo unanienda mbio na wakati huohuo naguna. Wazo ni tamu kwenye bango. Majina mawili makubwa, alama ya kujumlisha katikati. Lakini muziki wa aina hii hauna wimbo wa kujificha nyuma yake. Hakuna kibwagizo mnachokijua wote, hakuna ufunguo mliokubaliana, mara nyingine hata mapigo ya kuhesabu hayapo. Kuna wewe, kuna yeye, na watu wamekaa kimya wanakutazameni. Wakiwa wanne au watano mtu anaweza kupumzika kwenye kivuli cha wenzake. Wakiwa wawili, ukinyamaza, kunyamaza kwako kunasikika.

Miaka miwili baada ya balaa la Carnegie, Desemba 1979, Taylor huyohuyo alipanda jukwaa la Chuo Kikuu cha Columbia na Max Roach, mpiga dramu aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa bebop, ile jazz ya kasi ya miaka ya 1940. Kila mmoja alianza peke yake, dakika chache, kama watu wanaoonyeshana silaha kabla ya kuingia uwanjani. Kisha wakapiga pamoja vipande viwili, kila kimoja kama dakika 40. Roach hakumfuata Taylor na Taylor hakumfuata Roach. Walikwenda sambamba, kama majahazi mawili yanayotumia upepo mmoja kila moja na tanga lake. Umri na sifa zilikuwa zilezile za wakongwe, ila safari hii hakuna aliyemwandalia mwenzake somo.

Ndipo tuje Berlin.

Katika kiangazi cha 1988, Free Music Production, chombo kilichoanzishwa na wanamuziki wenyewe Berlin Magharibi mwaka 1969, kilimleta Taylor mjini si kwa usiku mmoja bali kwa takriban mwezi mzima. Jost Gebers, aliyekuwa mpiga besi kabla ya kugeuka mwandaaji na mrekodi, akamwekea wenzake wa Ulaya, mmoja leo, mwingine siku nyingine. Wapiga dramu peke yao walikuwa watano: Tony Oxley, Han Bennink, Paul Lovens, Günter Sommer aliyetoka Dresden, upande wa pili wa ukuta, na Louis Moholo wa Afrika Kusini. Tena Derek Bailey na gitaa lake. Mwaka uliofuata rekodi zikatoka katika kasha la santuri 11. Kumbuka Taylor alikuwa amekwisha kusemwa na waandishi kwamba piano yake ni ngoma 88, kwa hesabu ya vibonyezo vyake. Kwa hiyo kumwekea wapiga dramu ilikuwa ni kumpelekea mtu wa pwani maji.

Na bado kila usiku ulitoka tofauti. Hapo ndipo ninapoona akili ya mwandaaji: mtu mmoja habadiliki, anayebadilika ni mgeni, na msikilizaji anaanza kutambua kipi ni cha nani. Kwenye tamasha la siku tatu, kila bendi dakika 45 na mafundi wa sauti wanakimbizana na nyaya, hutambui kitu. Unarudi nyumbani na kofia na maumivu ya mgongo.

Usiku wa Moholo ndio ninaourudia zaidi, nakiri, na si kwa masikio tu. Moholo alizaliwa Langa, Cape Town, mwaka 1940. Mwaka 1964 aliondoka na The Blue Notes, bendi ambayo mpiga piano wake, Chris McGregor, alikuwa mzungu na wenziwe weusi, jambo ambalo sheria za makaburu hazikulivumilia. Walitoka kwa mwaliko wa tamasha la Antibes, Ufaransa, wakaishia London. Kufikia 1988 wenzake wawili wa bendi ile, Mongezi Feza na Johnny Dyani, walikuwa wameshakufa ughaibuni. Santuri ya Moholo na Taylor inaitwa *Remembrance*, ukumbusho. Msikilize anavyoacha mapigo yakitembea chini, taratibu, kama mtu anayetwanga huku ana mazungumzo mengine, na juu yake Taylor anamwaga mvua ya mawe. Taylor anakwenda kasi, Moholo hana haraka. Kuna mahali unahisi kabisa mwenye haraka ndiye aliyeanza kusubiri. Moholo alirudi kuishi kwao mwaka 2005, akafariki Juni 2025, wa mwisho wa kundi lile.

Nina dukuduku langu moja na mfululizo ule. Katika wote waliokaa na Taylor wawili wawili, hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Usiniambie hawakuwapo. Irène Schweizer, mpiga piano wa Uswisi, alikuwa ameshapiga na Moholo mwaka 1986 na Sommer mwaka 1987, piano na dramu tu, wapiga dramu walewale! Rekodi zake hazikuja kwa pamoja ndani ya kasha. Zilitoka moja moja kwa miaka, na Bennink naye akaingia baadaye. Ukizipanga mstari mmoja unapata mfululizo kamili ambao hakuna aliyeupigia tarumbeta. Na kuna ucheshi ndani yake, kitu ambacho kwa Taylor lazima ukitafute kwa tochi.

Tukirudi Berlin, alama ya kujumlisha mara chache huzaa kitu kinachodumu, lakini pale ilizaa. Taylor na Oxley waliendelea kupiga pamoja mpaka uzeeni. Aprili 2016 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilipomwenzi Taylor, Oxley alivuka bahari akawa naye, Taylor akiwa na miaka 87. Miaka 28 tangu Berlin! Ndoa ngapi tumezicheza ngoma zikavunjika kabla ya hapo.

Sasa, jirani zangu wakisikia haya kwenye spika huniuliza kama redio imeharibika. Sitaki kuwatetea wanamuziki hawa kwa kusema ni lazima uelewe. Juzi nilimpelekea Ami yangu, aliyepiga fidla kwenye taarab zaidi ya miaka arubaini, na ambaye akianza taksimu, ile sehemu ya kupiga peke yako kwa kubuni papo hapo, hajui yeye mwenyewe atatokea mlango gani. Tulikuwa barazani baada ya isha, kahawa na kashata. Nikaweka usiku wa Taylor na Bailey. Nilidhani ataniambia nizime.

Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zima. Gitaa kavu la Bailey likidondosha noti moja moja, kama mtu anayeokota misumari.

"Wa kinanda hajafika?"

"Kafika, Ami. Hiyo sauti ya kuguna ni yake. Na huko ndani ya kinanda ndiko anakokwaruza nyuzi."

"Aa." Akanywa funda. "Anapiga hodi."

Tukakaa. Pikipiki ikapita, mbwa akaisindikiza. Ami akanyanyua kidole bila kunitazama: "Na mwenye nyumba hamkaribishi wala hamfukuzi. Sikiliza. Anaendelea na shughuli zake."

Baadaye sana, Bailey ameshabadilisha, ameshika gitaa la umeme, na Taylor kaanza kuvipiga vibonyezo kwelikweli, Ami alipoteza hamu kidogo. Sasa wanapiga tu, alisema. Akauliza kama huyo wa gitaa yu hai. Nikamwambia alikufa London mwaka 2005, siku ya Krismasi. Na mwenziwe, 2018.

"Rudisha mwanzo," akasema, "pale kabla hajagusa kinanda."