Mwambieni Kabla Hajapanda Treni

Mwezi wa Oktoba uliopita nilikaa katika semina moja ya saratani ya matiti hapa Kigoma mjini, ambapo, baada ya fulana za waridi kugawiwa na picha za pamoja kupigwa, wasikilizaji walipewa nafasi ya kuuliza. Akasimama binti mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, ambaye kwa kumtazama hajafika thelathini, akauliza kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma: "Samahani daktari, dripu hizi nikishazimaliza, nitaweza kuzaa?" Jibu lililotoka mbele lilikuwa hili: "Dada yangu, wewe omba upone kwanza. Habari ya watoto anaijua Mwenyezi Mungu." Ukumbi ukapiga makofi. Jibu lenyewe nililitegemea, kwa kuwa nimekwisha kulisikia kwa namna mbalimbali. Kilichonikera hadi leo ni yale makofi, maana yalionyesha kwamba sote tumekubali kulihesabu swali la namna hiyo kuwa utovu wa shukrani.

Kwamba Mwenyezi Mungu anajua, sina ubishi. Ila hata mtoa mada alikuwa anajua. Anajua kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, yapatayo milioni moja hadi mbili, kwamba anapovunja ungo huwa yamebaki kama laki tatu au nne, na kwamba baada ya hapo hakuna hata moja linaloongezwa. Anajua kwamba saiklofosfamidi, mojawapo ya dawa za dripu hizo za kuua saratani, ambayo hutumiwa sana kwa saratani ya titi pamoja na ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huanza kuiogopa kwa rangi yake tu, haiishii kwenye uvimbe. Huyafikia na mayai yaliyotulia ndani ya ovari na kuyaharibu. Mwenye miaka ishirini na mitano mara nyingi hubakiwa na akiba ya kumvusha, lakini aliyekaribia arobaini au kuipita anaweza kuingia katika ukomo wa hedhi kabla dripu hazijaisha. Na anajua jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi kabisa, kwamba hedhi ikirudi baada ya matibabu haithibitishi kwamba uzazi umerudi kama ulivyokuwa, kwa sababu akiba iliyobaki inaweza kuwa ndogo na ikaisha miaka mingi kabla ya wakati wake. Yote haya husemeka kwa muda mfupi kuliko ule tuliotumia kupiga picha.

Nikilalamika hivi mbele ya watu wa hospitali, hupewa jibu wanaloliona kuwa ndilo la mwisho: hakuna muda. Saratani haisubiri, mama, na wewe unataka tukae tunazungumzia mayai. Hapo ndipo ninapoomba niruhusiwe kusema kwa urefu, kwa kuwa sisi wa Kigoma, kama walivyo wenzetu wa Tabora na Katavi, ni mabingwa wa kusubiri, na tunaufahamu muda vizuri kuliko tunavyodhaniwa.

Wifi yangu, aliyekuwa na mtoto mmoja tu wakati huo, alipohisi kinundu chini ya kwapa alianzia zahanati, akapewa vidonge vya jipu. Vidonge vilipoisha na kinundu kikiwa palepale, akapewa vingine. Alipofika hospitali kubwa alikatwa kinyama, kinyama kikasafirishwa kwenda mkoa mwingine kupimwa, na majibu yaliporudi yakawa hayana kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani cha kuonyesha kama saratani inalishwa na homoni, ambacho bila hicho daktari hawezi kupanga matibabu yaliyokamilika. Kikarudishwa. Ikafuata barua ya rufaa, iliyosubiri mtia sahihi aliyekuwa safarini, kisha ikafuata michango ya ukoo, kwa kuwa nauli na malazi ya Dar es Salaam havipatikani kwa siku moja, halafu treni yenyewe, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, kisha foleni ya kufungua faili. Katika muda wote huo hakuna aliyeona kwamba saratani haisubiri. Siku aliyopangiwa dripu ya kwanza ndipo alipojikaza kumwuliza muuguzi habari ya kuzaa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu zahanati, saratani ikawa haisubiri. Muda wa majibu kwenda na kurudi ulikuwapo, na wa barua kulala juu ya meza ulikuwapo. Uliokosekana ni wa mayai yake.

Nao muda unaotakiwa kuyavuta mayai na kuyagandisha ili yatumiwe baada ya tiba ni takriban wiki mbili. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kila siku kwa siku kumi hivi au zaidi kidogo ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, kisha mayai hayo huvutwa kwa sindano inayoongozwa na picha ya ultrasaundi, mwenyewe akiwa amelazwa usingizi, na hugandishwa yakiwa peke yake au yakiwa yamekwisha kurutubishwa kwa mbegu za mume. Zamani ililazimu kusubiri hedhi ianze; siku hizi kazi huanza siku yoyote ya mzunguko. Wenye saratani inayolishwa na homoni huongezewa letrozoli ili kiwango cha estrojeni, homoni ya kike, kisipande sana. Hakuna jipya la kutisha katika haya. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, na kugandisha mayai kuliondolewa katika orodha ya mambo ya majaribio na chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani mwaka 2012. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa saratani wa nchi hiyo wana mwongozo unaowataka wazungumze na mgonjwa kuhusu uzazi mapema iwezekanavyo, kabla ya tiba kuanza. Iko pia njia ya kukata na kugandisha kipande cha ovari, ambayo haihitaji sindano za homoni wala wiki mbili, na iliyoleta mtoto wa kwanza Ubelgiji mwaka 2004, lakini kwa mazingira yetu hiyo ninaitaja na kuipita.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja, nayo ni ya mahali: anayepaswa kumwambia mwanamke huyu ni yule aliye Kigoma, siku ileile anayompa majibu ya kinyama au anayemwandikia rufaa. Bingwa wa Dar es Salaam au wa Mwanza humpokea tarehe zikiwa zimekwisha kupangwa, fedha zimekwisha kuliwa na safari na mwili umechoka, na hata akiwa mwema kiasi gani atakuwa anazungumza na mtu ambaye dirisha lake limebaki upenyo. Wiki za kusubiri ziko huku kwetu, na ndizo zingetosha kumwonyesha mtaalamu wa uzazi, kupiga simu kuuliza bei, kukaa na mume na wazazi, na kuamua.

Msiniambie kwamba wahudumu wetu hawajui kuuliza habari za uzazi. Tangu nikiwa msichana sijaingia kliniki hata mara moja nikatoka bila kuulizwa ninatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Hata huyu mgonjwa wa titi huulizwa, na ni haki aulizwe, kwa sababu hatakiwi kushika mimba akiwa kwenye dripu, na njia zenye homoni hazimfai, hivyo huelekezwa kwenye kondomu au kitanzi cha shaba. Mazungumzo yapo, kiti kipo, faragha ipo. Nusu ya kwanza ya mazungumzo, ile ya asizae, husemwa kwa ufasaha kabisa; nusu ya pili, ya kama angependa kuzaa baadaye, ndiyo humezwa. Nina wasiwasi kwamba takwimu zimetuponza. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliweka wastani wa nchi kuwa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, na kila anayetumwa huku magharibi huja akiwa amekwisha kuamini kwamba watoto ndicho kitu pekee tusichokikosa. Mwenye mtoto mmoja, au asiye naye kabisa, huyeyuka ndani ya wastani huo.

Halafu huja hoja ya fedha, inayosemwa kwa huruma: kwa nini umtajie mkulima wa Uvinza jambo la mamilioni ya shilingi asiloweza kulilipia? Huruma hii siitaki. Huduma ya upandikizaji mimba, ambako mayai hayo huvutwa na kurutubishwa nje ya mwili, hapa nchini iko katika hospitali chache, gharama yake ni kubwa kweli, na sijapata kukutana na mtu aliyelipiwa na bima. Lakini ukoo wetu uliwahi kuuza shamba la michikichi ili kijana mmoja akasome nje, kijana ambaye, nikiruhusiwa kuteleza kidogo, hajatuma hata salamu. Nani alimpa mhudumu mamlaka ya kuamua kwamba ukoo huohuo usingeuza lingine kwa ajili ya mayai ya wifi yangu? Pengine tusingeuza. Pengine mume angekataa, au mwenyewe angesema mmoja huyu ananitosha, nipeni dripu nirudi kulea. Uamuzi huo ungekuwa wetu, tukiwa na macho. Kinachofanyika sasa ni kwamba mtu asiyeijua hata rangi ya mlango wetu hutuhesabia fedha zetu, huona hazitoshi, na hunyamaza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wasioweza kusubiri hata hizo wiki mbili: wenye titi lililowaka moto na ngozi iliyovimba kwa kasi, au ambao ugonjwa umekwisha kufika kwenye ini na mapafu. Na kwa kuwa wanawake wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, hao si wachache. Nakubali pia kwamba mayai yaliyogandishwa hayamhakikishii mtu mtoto, hasa aliyepita umri wa miaka arobaini. Hata hivyo mgonjwa wa namna hiyo anastahili kuambiwa kwamba muda haupo na kwa nini haupo, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuambiwa aombe.

Wapo watakaouliza habari ya dini, na huku kwetu ni swali zito. Kanisa Katoliki lilipinga kutunga mimba nje ya mwili katika waraka wake wa mwaka 1987, na msimamo huo haujabadilika. Waislamu wengi hukubali tiba hiyo endapo mayai na mbegu ni vya mke na mume walio katika ndoa. Paroko na shehe wataulizwa na waumini wao. Daktari asijipe kazi yao kwa kunyamaza.

Ipo pia hofu kwamba mimba huamsha saratani, na hofu hiyo nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 500 wenye saratani inayolishwa na homoni, wote wa miaka 42 au pungufu, waliosimamisha dawa zao za kuzuia homoni, kama tamoksifeni, baada ya miezi 18 hadi 30 ili watafute mimba. Katika miaka mitatu hivi, saratani iliwarudia kwa kiwango cha asilimia 8.9, na katika kundi la kulinganishwa ambalo halikusimamisha dawa kiwango kilikuwa asilimia 9.2. Ni muda mfupi kwa ugonjwa wenye tabia ya kujificha, nao watafiti wanaendelea kuwafuatilia, lakini matokeo hayo hayafanani hata kidogo na hadithi tunazopeana kwenye foleni.

Nimalizie na jambo ambalo halihitaji maabara ya kugandisha wala mamilioni hayo. Iko sindano iitwayo goserelini, ambayo wazee wenye saratani ya tezi dume huchomwa, na ambayo kwa mwanamke huilaza ovari kwa muda. Huanzwa angalau wiki moja kabla ya dripu ya kwanza na kurudiwa kila baada ya wiki nne hadi dripu ziishe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu wanawake ambao saratani yao haina vipokezi vya homoni, waliochomwa sindano hiyo ovari zao zilishindwa kufanya kazi kwa asilimia 8, na wasiochomwa kwa asilimia 22. Waliopata mimba baadaye pia walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliochomwa. Wataalamu huonya kwamba haichukui nafasi ya kugandisha mayai kwa anayeweza kugandisha, na wako sahihi. Lakini kwa asiyeweza, tofauti ya asilimia 22 na 8 ni kubwa mno kufichwa. Bei yake si ya dagaa, hilo nalo naliona. Ndugu yake wa karibu, leuprorelini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo tunaambiwa italeta kitita cha huduma kwa kila Mtanzania. Wanaokiandaa kitita hicho wana nafasi ya kuiandika sindano hii humo kwa mwanamke yeyote anayeandaliwa dripu akiwa bado katika umri wa kuzaa. Kwa kuwa ni lazima itangulie dripu kwa wiki nzima, na kwa kuwa huchomwa chini ya ngozi ya tumbo na muuguzi yeyote aliyefundishwa, mahali pake pa asili ni huku mkoani, katika siku zilezile ambazo mgonjwa anasubiri sahihi ya rufaa na tiketi ya treni.