Maelekezo yanafundisha haraka ila yanaweza kumfunga mtu macho
Nimesoma makala moja kuhusu kujifunza, mwandishi wake anasema mtu akielekezwa kwa maneno anajifunza haraka kuliko akiachwa ahangaike mwenyewe, hapo sina ubishi, hakuna haja mtu aguse waya wa umeme ndo ajue unaua. Ila ameacha upande wa pili ambao watafiti wa tabia wanaujua zamani tu, mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner mwaka 1966 alishatenganisha tabia inayoongozwa na kanuni, yaani mtu anafuata alichoambiwa, na ile inayojengwa na matokeo yenyewe, yaani mtu anajifunza kwa kuona kinachotokea akifanya, na majaribio ya baadae yakaonyesha kitu cha kushangaza kweli, watu walioambiwa bonyeza kitufe hivi ndo upate pointi mara nyingi waliendelea kubonyeza vilevile hata utaratibu wa kutoa pointi ulipobadilishwa kimyakimya, wakati waliojifunza kwa kujaribu wenyewe walishtuka mapema wakabadilika. Mimi nafundisha watu kompyuta na hii naiona sana, yule aliyekariri hatua kwenye karatasi programu ikisasishwa kitufe kikahamishwa anakwama palepale, karatasi kaishika mkononi, ila aliyezoea kuchezea mwenyewe anatafutatafuta mpaka anakipata. Siku hizi natoa maelekezo machache ya mwanzo, hasa ya mambo ya hatari kama kufuta mafaili, halafu nanyamaza, na kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko kuelekeza jamani, maana unaona kabisa mtu anakosea na jibu unalo. Nyie mnaofundisha au mnaolea watoto, mnajuaje kwamba sasa hapa inatosha nimuache ajaribu mwenyewe?