Sijaiba Mke wa Mtu, Nisikilizeni Kwanza

Haya, najua imeshawafikia. Tangu jana jioni simu haipoi, kila anayepiga anaanza na kicheko, stori imetoka grupu la darasa imeingia mpaka grupu la ukoo, na mama mdogo kutoka Korogwe kaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, huyo mwanamke, mumewe anajua?" Sasa kabla yule rafiki yangu hajaongeza chumvi nyingine (simtaji, anajijua, na elfu ishirini yangu hajarudisha) ngojeni niwaeleze mwenyewe nilivyoumbuka.

Ni hivi. Chuo walituita semina sisi wapya wa masta na PhD, siku nzima maktaba, eti kufundishwa stadi za kusoma na kuandika kitaaluma. Nikawaza mtu ana digrii yake anafundishwa kusoma tena? Nikaenda kwa ajili ya chai. Asubuhi tukapewa Zotero, unakusanya marejeo huko halafu yanajipanga yenyewe kwa mtindo wa APA toleo la 7, na mimi digrii ya kwanza nilikuwa nayapanga kwa mkono huku naimba a be che kimoyomoyo nikifika K nimesahau, basi nikakaa kimya kama mtu anayejua. Baada ya chapati ikaja zamu ya Turnitin, programu ya kulinganisha andiko lako na ya wengine.

Mama wa maktaba, mtu mzima, miwani inaning'inia kwa mnyororo, akauliza nani ana andiko lake tulijaribie hapa. Mkono ukapanda wenyewe. Wadau, sijui nani alinituma! Kwenye fleshi nilikuwa na propozali yangu ya maandishi ya nyuma ya bajaji za Dar (sisi wa Kiswahili tasnifu tunaandika kwa Kiswahili, msishangae), nimeiandika kwa jasho langu, bajaji nimezifukuzia kwa miguu kupiga picha. Nilichosahau ni kwamba kabla sijaandika hata neno moja la utafiti nilishaandaa kurasa za mbele. Ikirari, Tabaruku (pale unapomtunukia mtu kazi yako), Shukrani, zote tayari. Mtu hajapanda gari keshamshukuru dereva. Na wala sikuziandika, nilizichota kwenye tasnifu ya kaka mmoja niliyoipakua mtandaoni, nikasema nitakuja kubadilisha baadaye.

Ripoti ikatoka. 43%, njano. Ukumbi ukafanya "mmmh". Mama akasema tulieni, hii programu haimjui mwizi, inajua maneno yanayofanana tu, bluu maana yake haikukuta kitu, kijani ni mpaka 24, njano 25 hadi 49, chungwa 50 hadi 74, nyekundu ni 75 kwenda juu. Akaondoa marejeo, akaondoa nukuu, ikashuka 31. Nikapumua. "Sasa tuangalie zinatoka wapi," akasema, akaanza kushusha.

Ikirari ikaja imepakwa rangi mwanzo mwisho, yaani pale pale ninapoapa kuwa hii ni kazi yangu halisi. Watu wakaguna. Mama akanitetea, ikirari za chuo kizima zinafanana, hiyo tuiache. Mungu ambariki yule mama. Kisha akashusha tena.

Jamani, ile projekta inajaza ukuta mzima. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama taarifa ya habari ya saa mbili: "Shukrani za pekee zimwendee mke wangu kipenzi, aliyevumilia kulala peke yake miezi yote niliyokuwa nikiandika kazi hii..." Akanyamaza. Feni inalia kwiki, kwiki. Jasho likanianzia kisogoni likashuka mgongoni, nalisikia tone kwa tone. "...pamoja na watoto wetu wanne."

Akanitazama juu ya miwani. "Hongera baba! Kijana hivi, una watoto wanne?"

Hapo ningesema ukweli yakaisha. Mdomo ukajibu, "ndiyo mama, wanne."

"Mashallah. Wa mwisho yuko wapi sasa?"

"Ananyonya."

ANANYONYA! Mimi naishi chumba kimoja Sinza, godoro chini, ninachokilea mle ndani ni mtungi mdogo wa gesi. Nyuma yangu nikasikia mtu kapaliwa na maji, ndo huyo huyo rafiki.

Mama wa watu, wala hakuwa na nia mbaya, akabonyeza chanzo. Ikafunguka tasnifu ya miaka tisa nyuma, shukrani zile zile, mke yule yule, watoto wale wale. Kimya. Mstari wa tatu kuna baba mmoja wa PhD, kipara, shati la kitenge, akanyoosha mkono nusu kama anayeomba kutoka.

"Samahani mama. Hiyo ni yangu."

"Tasnifu?"

"Tasnifu. Na mke." Akafikiri kidogo. "Na huyo wa mwisho keshaacha kunyonya, yuko darasa la nne."

Sina la kuongeza hapo. Kuna dada alishuka chini ya meza kwa kucheka nadhani mpaka sasa hajapanda.

Mengine ni madogo tu, nimemwomba radhi, nimemnunulia soda, kurasa za mbele nimezifuta nikapitisha upya ikaja 12% kijani, msimamizi wangu naye kashapata habari (sijui kwa nani, kweli sijui), kaniambia shukrani zinaandikwa mwisho, kwanza nimpelekee tatizo la utafiti maana mpaka sasa anayaona matatizo yangu tu. Na leo asubuhi yule kaka kanitumia meseji, anasema shemeji anauliza matumizi ya watoto naleta lini.

Sasa wadau, kama kuna mwenye shukrani za mtu ambaye hajaoa anitumie inbox. Nitabadilisha majina.