Muhali wa kumuuliza wakala

Mwezi uliopita mpwa wangu, muuguzi huko Pemba, alinitumia kwa simu mkataba wa wakala wa kazi za nje: picha tano zilizopigwa mbio mbio, ukurasa wa tatu umekatwa kichwa. "Mjomba, nisomee. Anataka milioni mbili na nusu kabla ya Ijumaa."

Anayezitaka si mgeni. Ni shemeji wa jirani, anaswali msikiti uleule, na keshawapeleka watu Saudi Arabia. Nilipomwambia amuombe leseni, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Muhali, mjomba."

Neno hilo, la haya ya kumkabili mtu unayemjua, halijanitoka kichwani. Visiwani mtu tunampima kwa anayemjua. Kumuuliza karatasi ni kama kumwita mwizi. Kipimo hicho kilishatuangusha: mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania, wa Zanzibar wakiwamo, waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu wakanyang'anywa pasi na kupunjwa mishahara. Wale ninaowajua mimi, kila mmoja alishikwa mkono na mtu wa mtaani kwao.

Lakini wanaosema mawakala wote ni matapeli nao hawajakaa na muuguzi wakaona anachotakiwa kukifanya. Aliyesomea hapa akitaka kusajiliwa Uingereza, baraza la wauguzi la huko linamtaka afaulu Kiingereza, kwa mtihani wa IELTS alama 7 (kwenye kuandika 6.5 inatosha) au ule wa OET, wa wahudumu wa afya. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, halafu ule wa vitendo, unaofanyika kulekule Uingereza na ada yake peke yake inapita pauni 700. Saudi Arabia ina mtihani wa Prometric, na vyeti hupitia kampuni ya DataFlow, ambayo huwauliza waliovitoa moja kwa moja. Ujerumani inataka Kijerumani cha daraja la B2, la juu ya kati, na hicho hakipatikani kwa wiki tatu. Sasa mchukue mtu wa zamu ya usiku Wete, boti yake inaondokea bandari ya Mkoani, na safari yake ya mtihani inamfikisha Dar es Salaam. Anayejua fomu ipi inatangulia na barua ipi inatoka wapi anamsaidia kweli, na kazi yake ina haki ya ujira.

Ujira huo anautoa nani? Mimi naanzia hapo, hata kabla ya leseni. Wakala anayelipwa na hospitali hupata chake muuguzi akifika na akadumu kazini. Vyeti vikiwa na kasoro, hasara inamrudia yeye. Anayelipwa na muuguzi, kazi yake kubwa imekwisha siku pesa zilipoingia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umesimama juu ya msingi kwamba mfanyakazi asitozwe. Sheria ya mawakala wa ajira ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu kwa kumtafutia kazi. Ujerumani nayo ina alama ya serikali kwa mawakala wa wauguzi wanaokubali kwamba gharama ni za mwajiri. Kwa hiyo "ada ya nafasi", "ada ya udhamini", "kiingilio", hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu, ndiyo dalili ya kwanza ninayoiogopa. Mtihani, darasa la lugha na pasi vina bei zake halali, ila kila kimoja kina mlango wake wa kulipia, na risiti hutoka kwa jina la muuguzi.

Hapa nakubali pingamizi moja. Wakala asiyetoza senti naye huweza kukufunga kamba, kwa kifungu cha fidia: ukiacha kazi kabla ya muda fulani, urudishe nauli, mitihani na kadhalika. Si kila kifungu cha namna hiyo ni dhuluma. Mwajiri ametoa fedha zake. Kanuni za Uingereza zinataka fidia iwe wazi tangu mwanzo, ilingane na gharama halisi, na ipungue kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi. Mkataba wa mpwa wangu uliandika kiasi kimoja tu kwa miaka mitatu yote, bila ya kusema kimetokana na nini. Ukurasa uliokatwa kichwa ndio wenye kifungu hicho. Sisemi ulikatwa kwa makusudi.

Uingereza ina kizungumkuti chake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliorodhesha nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania ikiwamo, na Uingereza imeitia Tanzania katika orodha yake nyekundu: mwajiri au wakala asije kuwavuta wauguzi wetu, ila muuguzi akiomba mwenyewe hazuiwi. Nia ni njema. Hospitali ya Mnazi Mmoja haihitaji kupungukiwa wauguzi. Lakini angalia matokeo yake huku: wakala anayeheshimu kanuni haji Unguja, na anayekodi ukumbi Darajani agawe fomu za Uingereza amekwisha kujieleza kwa kule kuja kwake. Muuguzi ameruhusiwa kwenda, na aliyeachiwa kumwonesha njia ni dalali. Mimi naona orodha ile inailinda hospitali kuliko inavyomlinda muuguzi, na sijui kwa nini mabaraza yetu ya wauguzi hayajaona kwamba kumwelekeza anayeomba mwenyewe ni kazi yao.

Wapo pia wanaosema, "ingia kwanza kama mlezi wa wazee, uuguzi utafuata." Mlango huo Uingereza iliufunga kwa waombaji wapya walio nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayeuuza leo anauza hewa.

Leseni nayo si ya kupuuzwa, ila isomwe. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na Kamisheni yake ya Kazi, kwa hiyo karatasi ya Bara haimalizi habari hapa. Cheti cha BPRA, taasisi ya Zanzibar ya kusajili biashara, kinachoning'inizwa ukutani kinasema biashara imesajiliwa, basi. Hata muuza chipsi anaweza kuwa nacho.

Na ushahidi tunaoupenda kuliko wote, picha ya mtu uwanja wa ndege na sanduku jipya? Unathibitisha kwamba ndege ilitua. Aliyefika aulizwe baada ya miezi sita: mkononi anabaki na kiasi gani baada ya makato, pasi yake anaiweka nani, na kazi aliyopewa ndiyo iliyoandikwa? Majibu yakiwa mazuri, wakala wake ameshinda cheti chochote, na mimi mwenyewe nitampa namba za wengine.

Mpwa wangu hatimaye alipata njia ya kuuvuka muhali: alinisingizia mimi. Alimwandikia yule bwana, "Mjomba wangu mkorofi, anataka kujua hospitali inakulipa au mimi ndiye ninayekulipa, na hii milioni mbili na nusu ni ya nini." Jibu lilikuja kwa sauti, dakika nne, lina dua nyingi na hesabu kidogo. Akamwomba aandike. Ijumaa imepita, fedha hazijatoka, na juzi imekuja sauti ya pili, ndefu kuliko ya kwanza.